Somo la Vikundi: "Usiguse!" – Tulichojifunza Katika Makumbusho ya Reli



Somo la mwezi huu tumelitoa katika ziara ya siku moja. Familia saba kutoka Makongeni, Kaloleni na Jericho zilikwenda pamoja kwenye Makumbusho ya Reli, karibu na stesheni ya Nairobi. Makumbusho haya yalianzishwa mwaka wa 1971. Wengi wetu tumepita karibu nayo miaka nenda miaka rudi tukienda soko la Muthurwa, na hatujaingia hata siku moja. Tulidhani ni mahali pa watalii. Mmoja wenu asome kwa sauti, wengine wasikilize, halafu mjadili maswali ya mwisho.

1. Yaliyotokea

Mara tu tulipoingia uani, watoto waliona injini kubwa za moshi wakazikimbilia. Hapo hapo kina mama wakaanza: "Wee, usiguse! Shuka! Utachafua nguo!" Sisi waelekezaji pia tulipiga kelele. Mhudumu wa pale akacheka, akasema, "Mama, waacheni. Hizi za huku nje wanaruhusiwa kupanda."

Tuliona haya kidogo. Ni sisi tunaofundisha kwenye semina kwamba mtoto hujifunza kwa kucheza. Tukaulizana: neno "usiguse" tunalisema mara ngapi kwa siku? Mama mmoja akajibu vizuri: "Nyumba yangu ni futi kumi kwa kumi. Stovu iko chini, mafuta ya taa yako kando, waya wa stima unaning'inia. Nisiposema 'usiguse,' nitazika mtoto." Hakuna aliyempinga. Ni kweli tupu. Lakini mtoto anayesikia neno hilo asubuhi hadi jioni, mwisho huacha hata kuuliza.

Basi tukawaacha wapande. Kijana mmoja wa miaka kumi na miwili akauliza, "Kwa nini hii injini ina magurudumu makubwa mafungu mawili, mbele na nyuma?" Sisi tukatazamana. Hakuna aliyejua.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuja tu kumshika mjukuu wake mkono njiani. Alikuwa amekaa kivulini, kimya. Akainuka, akapanda ngazi polepole, akaweka mkono juu ya mtaimbo mmoja bila hata kuutazama. Akasema, "Mimi nilikuwa nasimama hapa."

Binti yake alishangaa. Alijua kwamba baba aliajiriwa reli, lakini alifikiri alikuwa mlinzi. "Baba, mbona hukutuambia?" Mzee akajibu, "Nani aliniuliza?"

2. Mzee alivyofundisha

Injini ile ni namba 5918, inaitwa Mount Gelai. Ni ya aina ya 59, na injini za aina hiyo zilipewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Zilitengenezwa na kampuni ya Beyer Peacock ya Manchester, Uingereza, miaka ya 1950. Kila moja ina uzito wa tani 250 hivi. Hakukuwa na injini za moshi kubwa kuliko hizi duniani kwenye reli ya upana wa mita moja.

Sisi tulisema zilikula makaa. Mzee akatusahihisha: hizi zilichoma mafuta. Kazi yake ilikuwa kuangalia moto na maji. "Mmeona mfuniko wa sufuria ukiruka maji yakichemka?" aliwauliza watoto. "Ule mvuke ndio unaoruka. Ukiufungia ndani ya tangi la chuma, ukaupa njia moja tu ya kutokea, utasukuma hata garimoshi."

Na yale mafungu mawili ya magurudumu? Akasema: "Mmewahi kuona watu wawili wakihamisha kitanda kwenye korido? Wa mbele anakata kona kwanza, wa nyuma anafuata. Injini hii ni hivyo hivyo. Tangi la mvuke liko katikati, na kila fungu la magurudumu linageuka lenyewe. Bila hivyo, kwenye kona za milimani ingetoka njiani."

Kila familia ilikuwa imekuja na kamba ya mita moja, iliyopimwa kwa fundi cherehani. Watoto wakailaza kati ya chuma na chuma cha reli: ikatosha sawasawa. Msichana mmoja akauliza kuhusu treni mpya aliyoiona Syokimau. Reli hiyo, iliyoanza kubeba abiria mwaka wa 2017, ina upana wa milimita 1,435. Kamba ingepungua karibu nusu mita. Hapo watoto wakaelewa wenyewe kwa nini behewa la zamani haliwezi kupita kwenye reli mpya.

Mwisho tuliona behewa ambalo simba alimtolea afisa wa polisi, Charles Ryall, pale Kima mwaka wa 1900, akamuua. Watoto waliogopa, wakafurahi. Tukawaeleza pia kwamba reli ilianza Mombasa mwaka wa 1896, ikafika Nairobi mwaka wa 1899, na ziwani Kisumu mwaka wa 1901. Vibarua zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 walikufa. Mtoto mmoja akauliza, "Na hao waliitwa nani?"

Hatukuwa na jibu. Jina la Ryall tunalo. Ya wale wengine hatuna.

3. Tunasema nini basi?

Muthurwa na Makongeni zilijengwa kama makao ya wafanyakazi wa reli. Neno "landhi" tunalolitumia kila siku lilitoka huko. Kwa hiyo makumbusho yale si ya wageni. Ni habari za babu zetu. Lakini chuma hakiwezi kusema chenyewe. Kama mzee yule asingekuja, watoto wangepanda, wangeshuka, wangenunua peremende, basi. Na siku mzee huyo atakapoondoka bila kuulizwa, ujuzi wake tutauzika pamoja naye, kama ulivyozikwa wa wale vibarua.

4. Mkitaka kwenda

- Ulizeni kiingilio kwanza, kisha mchange kidogo kidogo kama kwenye merry-go-round. Bebeni chai na chakula chenu.
- Mtu mzima mmoja aangalie watoto wasiozidi watano. Ngazi za injini ni ndefu na chuma kina makali.
- Ulizeni ni kipi kinaguswa na kipi hakiguswi. Vitu vilivyo ndani ya jumba ni vya kutazama tu.
- Beba kamba ya mita moja, daftari na kalamu.
- Muhimu kuliko yote: nendeni na mzee aliyefanya kazi hiyo.

5. Maswali ya kujadili

a) Jana ulimwambia mtoto "usiguse" mara ngapi? Ni mara ngapi kulikuwa na hatari kweli, na ni mara ngapi ulikuwa umechoka tu?
b) Nyumbani kwako kuna kazi gani mtoto anaweza kujifunza kwa mkono wake, wewe ukiwa kando?
c) Ni mzee gani katika ploti yenu ambaye hamjui alifanya kazi gani?

Kazi ya mwezi: kila mwanakikundi amtume mtoto mmoja kwa mzee mmoja na daftari. Aandike jina la mzee, kazi aliyofanya, na kifaa kimoja alichokitumia. Mtayasoma katika mkutano ujao, na mzee mwenyewe awepo, apewe kiti cha mbele.