USHINDANI WA BIASHARA NA KAHAWA YA BUKOBA

Katika somo hili twapenda kuwaeleza wasomaji wetu wa Bukoba na Muleba habari za sheria ya ushindani wa biashara. Wengi wasikiapo jina lake hudhani ni shauri la matajiri wa Dar es Salaam, wala halimhusu mwenye kibanja. Sivyo. Nchi ya Buhaya ililijua jambo hili kabla ya sheria yo yote kuandikwa.

Zamani za Wakama kahawa haikunywewa, ilitafunwa. Mgeni alipewa buni kwa heshima, na watu waliochanjiana udugu waligawana buni moja. Lakini ruhusa ya kuipanda ilikuwa mikononi mwa Mkama na wakuu wake. Hali hiyo, ya mmoja kushika mlango wa mali peke yake, ndiyo iitwayo ukiritimba. Katika utawala wa Wajerumani miiko ile ilivunjika, na mibuni ikaenea vibanjani.

Tangu hapo mlango umekuwa na mabawabu wengi. Mwaka 1950 kiliandikishwa chama kikuu cha ushirika cha Bukoba, kilichojulikana kwa herufi B.N.C.U. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa nchini kote, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982. Katika miaka ya 1990 wanunuzi binafsi waliruhusiwa kuingia. Na mwaka 2018 Serikali iliagiza kahawa ya mkulima ipitie tena katika vyama vya ushirika.

Sasa sheria yenyewe. Ni Sheria ya Ushindani, namba 8 ya mwaka 2003, na msimamizi wake ni Tume ya Ushindani. Inamkataza mwenye nguvu kubwa sokoni kuitumia nguvu hiyo vibaya ili kuwazuia wengine. Inakataza pia mapatano ya siri baina ya wale wapaswao kushindana, na hapa yafaa tukawie kidogo.

Tuseme wanunuzi watatu wanakwenda mnadani. Usiku uliotangulia wameketi pamoja wakasema: leo huyu achukue, kesho yule, wala mtu asipite shilingi fulani. Asubuhi watapaza sauti kana kwamba washindana, na mkulima atarudi nyumbani akisema, bei ya soko imeshuka. Soko halikushusha kitu. Mapatano kama hayo yamekatazwa kabisa, nao wakithibitika Tume yaweza kuwatoza faini inayopimwa kwa mapato yao ya mwaka. Basi wingi wa wanunuzi si dalili tosha ya ushindani. Vile vile chama kimoja kilichowekwa kwa amri ya Serikali si njama. Lakini malipo yake yakichelewa, mkulima asiye na mlango wa pili huona dhiki ile ile.

Na dhiki hiyo ndiyo mama wa butura. Wasomaji wetu hawahitaji kuelezwa butura ni nini. Walimu hasa waijua, maana ada ya shule ni sababu moja kubwa ya mzazi kuuza kahawa yake ingali maua mtini. Tufanye hesabu yake. Mtu ana mibuni itakayotoa kilo 200 za maganda. Mwenye fedha ampa shilingi 800 kwa kila kilo, yaani 160,000. Msimu ufikapo bei ni 2,000, na kilo zile zapata 400,000. Kwa kukopa 160,000 kwa muda usiotimia mwaka, amelipa 240,000 juu yake. Benki ikidai riba ya namna hiyo, watu wangeandamana!

Twaona hapa ndipo penye kasoro. Sheria ya ushindani hulinda soko, na aliyechukua butura hafiki sokoni. Mnada waweza kuwa wa haki tupu na wanunuzi wakapandishana bei hadi jioni. Faida itakwenda kwa yule aliyenunua maua. Serikali imeipiga marufuku butura mara kwa mara, lakini marufuku hailipi ada ya shule mwezi wa Januari. Kwa maoni yetu, chama cha msingi chenye akiba ya kuwakopesha wanachama wake kabla ya mavuno kitaivunja butura kuliko tangazo lo lote.

Aonaye dalili za njama mnadani asiishie kunung'unika kilabuni. Na aandike siku ile ile tarehe, mahali, uzito uliopimwa, bei iliyotajwa na kila mnunuzi, na majina ya waliosikia. Malalamiko yapelekwe kwa Tume, yenye ofisi ya kanda Mwanza. Asiyejua kuandika amwendee mwalimu wa kijiji, naye mwalimu asikatae.