Taa ya Injini Ikiwaka, Usikimbilie Kununua Sensa

Somo letu la leo linahusu ile taa ndogo ya manjano yenye picha ya injini, inayowaka mbele ya dereva. Madereva wa hapa kwetu Kiseke, wanaobeba abiria na mizigo kwenda Buswelu, Nyakato na mjini Mwanza, huiita "cheki injini". Wengine wakiiona huogopa, hutoa hela kwa spea yoyote wanayotajiwa. Wengine huizoea, huendesha nayo mwaka mzima. Hawa na wale wanapata hasara.

Kwanza tutofautishe taa. Taa nyekundu yenye picha ya birika la oili maana yake ni simama sasa hivi, zima injini. Hiyo siyo tunayoizungumzia leo. Taa ya manjano ikiwaka tu, na gari linakwenda vizuri, unaweza kwenda nayo polepole mpaka kwa fundi. Lakini ikiwa inawaka na kuzimika, huku injini inatetemeka, egesha gari. Petroli haiungui yote ndani ya injini, inakwenda kuungulia kwenye bomba la moshi na kuharibu chombo cha kusafishia moshi. Chombo hicho ni ghali kuliko plagi iliyoleta kosa.

Sasa, nani anaiwasha taa hii? Ndani ya gari mna kisanduku cha umeme ambacho mafundi hukiita "kontroli boksi". Kisanduku hiki hakina macho. Kinapata habari kutoka kwenye vipimo vidogo vinavyoitwa sensa. (Siyo sensa ya kuhesabu watu kama ile ya Agosti 2022, jina tu limefanana!) Moja hupima joto la maji, nyingine hupima hewa inayoingia. Nyingine imefungwa kwenye bomba la moshi, nayo hupima oksijeni iliyobaki kwenye moshi. Hii ya moshi ilitolewa na Bosch ya Ujerumani mwaka 1976, ikafungwa kwanza kwenye magari ya Volvo. Habari ikija mbovu, au isipokuja kabisa, kisanduku kinahifadhi namba ya kosa na kuwasha taa.

Namba hiyo husomwa kwa mashine inayochomekwa kwenye tundu la pini 16 chini ya usukani. Marekani ililazimisha tundu hilo kwa magari madogo ya kuanzia mwaka 1996. Magari mengi tunayoletewa kutoka Japani yanalo pia, ingawa ya zamani hayasomeki kwa kila mashine. Namba huanza na herufi, kisha tarakimu nne. Hapa ndipo kisomo kinapolipa: chukua karatasi, uiandike mwenyewe kabla fundi hajaifuta. Ikishafutwa, fundi wa pili ataanza kubahatisha.

Tuseme mashine imetoa P0135. Fundi mwenye haraka atasema, "Bosi, sensa ya oksijeni imekufa, tafuta hela." Ngoja kwanza. Namba hii inasema kwamba njia ya umeme inayopasha moto ile sensa ya moshi ina kasoro. Njia ya umeme, hawajasema sensa! Sensa ya oksijeni haifanyi kazi mpaka ipate joto la nyuzi 300 hivi, ndiyo maana ndani yake mna waya wa kupashia, kama wa pasi. Umeme huo unaweza kukatikia mahali pengi. Labda fyuzi imeungua. Labda panya wametafuna waya, au soketi imeingia kutu. Au kweli waya wa ndani ya sensa umekatika. Makosa manne, na sensa mpya inaponya moja tu.

Basi fundi apime. Aangalie fyuzi. Kisha, injini ikiwa imepoa, achomoe soketi na kuweka mita kwenye nyaya mbili za kupashia moto, ambazo mara nyingi zina rangi moja. Mita ikisoma omu chache, kwa kawaida kati ya 2 na 16, waya wa ndani ni mzima. Isiposoma kitu, hapo sensa imekufa. Baadaye injini iwashwe, apime soketi ya upande wa gari: pawe na volti 12 hadi 14. Kama hazipo, hata ukifunga sensa kumi taa itarudi.

Sensa ikithibitika imekufa, nenda dukani na ile ya zamani mkononi, usome namba zilizochapwa juu yake. Magari ya Japani yana sensa za moshi za aina mbili zinazofanana kwa sura na nati, lakini umeme wake ni mbalimbali. Ukikosea aina, umetupa hela.

Kuifungua hutumika spana namba 22. Ikiwa nati imeganda kwa kutu, injini ipashwe kidogo, vuguvugu tu, maana bomba la moto litakuunguza. Grisi maalumu ya kuvumilia moto ipakwe kwenye nyuzi za nati peke yake. Ncha ya sensa isiguswe na grisi wala oili. Waya ufungwe mbali na bomba. Kisha namba ifutwe, gari liendeshwe siku mbili tatu, lipimwe tena.

Kwa anayetaka kununua gari lililotumika: zungusha ufunguo bila kuwasha injini. Taa ya cheki injini lazima iwake, ndipo izimike injini ikiwaka. Isipowaka kabisa, yawezekana mtu ameing'oa balbu ili usijue. Muulize muuzaji kabla hujatoa hela.