Maumivu Yanayofichwa

Mama akisema, "Tumbo la chini linaniuma," pengine aona haya kusema kwamba huumia anapolala na bwana wake. Mama, usifiche.

Uchunguzi wa Wabelgiji juu ya idadi ya watu wa 1955–57 ulionyesha kwamba katika sehemu za Mkoa wa Mashariki na Equateur wanawake wengi hawakuzaa kamwe. Sababu kubwa ilikuwa kisonono, wala si uchawi. Ugonjwa huu hukaa kimya ndani ya mwanamke huku ukiharibu mirija ya uzazi. Nayo ikiisha kuziba, dawa haiifungui. Kwa hiyo njoo mapema, na bwana atibiwe pia, asije akamrudishia. (Mabwana wengi hungojea nje ya ua!)

Anyonyeshaye huweza kuwa mkavu. Huo si ugonjwa. Lakini majani ya kukausha huchubua: yaacheni.