Elimu kwa Wakazi: Kwa Nini Sauti ya Redio Hubebwa na Wimbi Lingine

Tahadhari ya mvua kubwa inaposomwa redioni, mkazi wa kitongoji cha mbali huisikia papo hapo kwa redio ya mkononi. Jirani yake aliye nyuma ya kilima huambulia mkoromo tu. Mambo yote mawili yana asili moja, nayo ni namna sauti inavyopakiwa juu ya wimbi. Wataalamu huiita kazi hiyo modulesheni.

Maikrofoni hugeuza sauti ya msomaji kuwa umeme unaotetema kama sauti yenyewe, tuseme mara 3,000 kwa sekunde. Lau umeme huo ungerushwa hewani jinsi ulivyo, wimbi lake lingekuwa na urefu wa kilomita 100. Antena, ili irushe vyema, kwa kawaida hukaribia robo ya urefu wa wimbi, yaani hapa kilomita 25: zaidi ya mara nne ya kimo cha Mlima Kilimanjaro. Hakuna halmashauri yenye bajeti ya mnara huo. Na hata ungejengwa, vituo vyote vingegongana, kwa kuwa sauti za binadamu hutumia masafa yaleyale.

Kwa hiyo sauti hukabidhiwa wimbi la kubebea, lenye mitetemo mingi zaidi. Katika FM, kila kituo hupewa nafasi yake kati ya megahezi 88 na 108. Kwenye megahezi 100 wimbi lina urefu wa mita 3, na robo yake ni sentimita 75, kiasi cha antena ya kuvuta. Redio huchagua wimbi moja, huichukua sauti iliyo mgongoni mwake, kisha huliacha wimbi lenyewe.

Sauti huweza kupakiwa kwa kubadili kimo cha wimbi, ndiyo AM, au wingi wa mitetemo yake, ndiyo FM, ambayo Edwin Armstrong wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1933. Radi na cheche za plagi ya pikipiki huvuruga zaidi kimo. Ndiyo maana FM husikika safi. Lakini mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kilima huyakinga. Mawimbi ya kati ya AM hufuata uso wa ardhi, na usiku hurudishwa na tabaka la juu la anga hadi mbali sana.

Mkazi wa bondeni basi asiharakishe kumpelekea fundi redio yake. Kwanza avute antena yote na asogee mahali palipoinuka. Nao viongozi wa vitongoji vilivyo nyuma ya milima wasitegemee FM peke yake msimu wa mvua: tahadhari ipelekwe pia kwa simu, kwa mbiu, na kwa vipaza sauti vya misikiti na makanisa.