Mwema wa Kweli Hakushikii Pasipoti

Vuteni viti, wadogo zangu, leo tuna barua ya kuizungumzia kwa utulivu.

Imetoka kwa msichana wa miaka 24 anayeishi Kitengela na kufanya kazi kwenye kiwanda cha nguo kule EPZ, Athi River. Amechanga kwenye chama mwaka mmoja na nusu. Zamu yake ya kupokea pesa ilipofika, wenzake walimshauri anunue sofa. Yeye anataka kwenda Zambia kuona maporomoko ya Victoria, kwa basi na kwa treni, peke yake. Mama yake, anayeishi Kajiado mjini, amemwambia dunia imeharibika na msichana asiye na mtu wake njiani hupotea. Barua inaishia na maswali mawili: “Dada, huko mbali nitapata watu wema? Na nitawajuaje?”

Mdogo wangu, la kwanza ni jepesi. Watu wema wapo, tena wengi kuliko unavyodhani. La pili ndilo la kulala nalo, kwa sababu mtu mbaya naye huja na tabasamu, chupa ya maji na neno “dada” mdomoni. Mama yako ana haki ya kuogopa, nawe una haki ya kwenda. Ngoja nikae katikati yenu.

Njia hiyo naijua. Niliipita nikiwa na miaka 26. Nilipanda matatu ya Namanga hapo Kitengela asubuhi na mapema, kilomita 130 hivi hadi mpakani, kupitia Isinya, Kajiado na Bissil, nikielekea Arusha, kisha Dar es Salaam. Kutoka Dar nilipanda treni ya TAZARA, reli iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, katikati ya Zambia. Chumba cha daraja la pili kina vitanda sita, na wanawake hulala na wanawake, wanaume na wanaume. Kitanda cha chini upande wa dirisha alilala mama mmoja Mzambia aliyekuwa ametoka Kariakoo na mabunda ya vitenge.

Siku ya kwanza mama yule hakuniuliza lolote zaidi ya salamu. Usiku aliniona nimeweka begi mlangoni, akaninyooshea kamba: “Lifunge kitandani, upande wa kichwa.” Kufika Tunduma, mpakani, maofisa wa uhamiaji waliingia ndani ya treni, na nyuma yao wauza kwacha wakiwa na mabunda ya noti mikononi. Nilikuwa nimeshanyoosha shilingi zangu. Mama akasema, “Mwambie ahesabu kwacha zake kwanza, uzishike, ndipo umpe zako.” Yule mbadilisha pesa akanuna. Nikajua nimeokolewa.

Siku iliyofuata akaniuliza, “Tukifika utalala wapi?” Nilimdanganya. Nilisema ndugu yangu atanipokea. Mama alinitazama kidogo, akajibu hivi: “Vizuri. Lakini ndugu akichelewa, mimi na wenzangu huwa tunatandika mikeka pale stesheni mpaka kuche. Njoo ukae katikati yetu.”

Tulishuka giza limeshaingia. Hakuna ndugu aliyekuja, maana hakuwapo. Nililala katikati ya wanawake watano nisiowajua, begi langu likiwa mto wangu, na hakuna aliyenisuta kwa uongo wangu. Kulipopambazuka mama alinipeleka kwenye gari la Lusaka, akanitajia nauli kwa sauti ili kondakta naye asikie, akageuka kwenda zake. Nilimpa pesa akakataa. Nilimpa pakiti ya majani ya chai niliyotoka nayo nyumbani, akaipokea kwa mikono miwili. Jina lake sikuwahi kulijua. Yeye aliniita “binti wa Kenya” tangu mwanzo hadi mwisho.

Sasa sikilizeni upande wa pili. Katika safari hiyohiyo, kwenye kituo kimoja cha mabasi, kijana nadhifu alinipokea begi kabla sijashuka vizuri. Alizungumza Kiswahili cha Nairobi, akasema ana dada yake Athi River, akaniita “mtu wa nyumbani”. Ofisi ya tiketi inafungwa sasa hivi, alisema, nauli inapanda kesho, nimpe pasipoti akanikatie tiketi mara moja. Nilimwambia, “Asante, acha kwanza ninywe chai kwa yule mama muuza chai.” Uso wake ulibadilika. Alianza kunilaumu kwamba najifanya mjanja. Nilipogeuka kumtazama muuza chai, alinitikisia kichwa: hapana.

Nimewapima watu hawa wawili kwa miaka mingi, na nimepata mambo manne ya kukupa.

La kwanza, mwema hakuharakishi. Mama wa vitenge alingoja siku nzima kabla ya kuniuliza swali moja. Yule kijana alinipa dakika tano niamue. Mtu anayetaka kukusaidia anajua kwamba msafiri mgeni anahitaji muda wa kufikiri. Anayetaka kukuibia anajua hivyo pia, ndiyo sababu anakunyima huo muda.

La pili, mwema haogopi macho ya watu. Msaada wa kweli unatolewa mbele ya muuza chai, mbele ya kondakta, katikati ya abiria. Mtu akikuambia njoo kando, tuzungumze kule, usimwambie mtu, jibu lako ni moja: hapa hapa panatosha.

La tatu, mwema hakushikii kitu kinachokupa uhuru. Pasipoti, simu, pesa na tiketi ya kurudi hukaa mwilini mwako. Ofisa wa mpakani ataiomba pasipoti, na wahudumu wa mapokezi ya nyumba ya wageni wataandika namba yake mbele yako. Baada ya hapo inarudi mfukoni. Anayesema “nitakuwekea” mwambie asante.

La nne, na ndilo linalofichua kuliko yote, mwema akikataliwa hanuni. Mjaribu kila mtu kwa “hapana” ndogo kabla hujampa “ndiyo” kubwa. Kataa soda yake. Kataa kubebewa begi. Mama yule nilimkataa kwa uongo kabisa, akaupokea kwa heshima na kuuacha mlango wazi. Kijana nilimkataa kwa adabu, akakasirika. Hapo ndipo nilipowajua.

Na huo uongo wangu, mdogo wangu, nakuruhusu. Kumwambia mtu usiyemjua kwamba unapokelewa ni kama kufunga mlango wa nyumba usiku. Jirani mwema haoni kwamba umemtukana.

Usidhani mambo haya ni mapya. Mwaka 1325 kijana wa miaka 21 aitwaye Ibn Battuta aliondoka Tangier, Morocco, peke yake, na mwaka 1331 akafika pwani yetu. Ameeleza jinsi Mogadishu ilivyopokea wageni: meli ikitia nanga, vijana wa mji huenda na mashua wakibeba vyakula, na kila mfanyabiashara mgeni hupata mwenyeji atakayemlaza na kumsimamia sokoni. Yeye, kwa kuwa alikuwa mwanachuoni, alipokelewa kwa desturi ya wanachuoni na kulishwa wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa na achari ya ndimu. Alipitia Mombasa akalala usiku mmoja tu, kisha akaendelea Kilwa. Ninachokipenda katika habari hiyo ni kwamba mwenyeji alijulikana. Mji mzima uliona mgeni ni wa nani, na akidhulumiwa ilijulikana nani wa kuulizwa. Wema uliokuwa na mashahidi ulimfaa mgeni wakati ule, na ndio unaokufaa wewe leo.

Hapa naomba niwageukie wale mnaoniandikia kuhusu safari za kazi, za Ghuba na kwingineko, kwa sababu huko ndiko “wema” ulikowaumiza wengi. Mtu anakutumia ujumbe, kazi nzuri, tiketi amelipa yeye, uondoke wiki hii. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilitoa onyo baada ya vijana wetu kuahidiwa kazi Thailand na kujikuta Myanmar, wamefungiwa na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Pitisha ahadi ya namna hiyo kwenye yale mambo manne uone kama inavuka hata moja. Wakala anayekupeleka kazini ng’ambo lazima awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na orodha yao iko wazi mtandaoni. Itazame wewe mwenyewe, usitazamiwe. Na ujue kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2010 ya kupambana na biashara haramu ya binadamu inahesabu kuingilia hati zako za kusafiria kuwa kosa. Anayekushikia pasipoti usiondoke hana jina jingine zuri.

Turudi kwako, mdogo wangu wa Kitengela. Kabla ya Zambia, jifunzie nyumbani. Kaunti ya Kajiado ina takribani kilomita za mraba 21,900, na wengi wetu tunaoishi Kitengela tunaijua barabara moja tu, ile ya kwenda Nairobi. Chukua Jumamosi moja uende Bissil peke yako, utembee sokoni, ule chakula cha mchana mezani na watu usiowajua. Wiki nyingine nenda Olorgesailie ukaone mashoka ya mawe ya kale, au ufike hadi Ziwa Magadi. Jifunze kuuliza njia kwa watu wawili tofauti na kulinganisha majibu. Jifunze kukaa na upweke wa mchana kutwa bila kumkimbilia wa kwanza anayekuchekea.

Jifunze pia salamu. Kwetu Kajiado, mtoto wa Kimaasai humwinamishia mkubwa kichwa naye akamgusa utosini, ndipo mazungumzo yaanze. Anayesalimu kwa desturi ya mwenyeji huacha kuwa mgeni kabisa. Kaskazini mwa Zambia utasikia Kibemba: “Muli shani?” ndiyo hujambo yao, na “natotela” ni asante. Sema hayo mawili hata kama ulimi unakwaruza, utaona nyuso zinavyofunguka.

Hati nazo zisikucheleweshe. Pasipoti iombe kwenye eCitizen mapema, miezi kadhaa kabla. Chanjo ya homa ya manjano uipate si chini ya siku 10 kabla ya kuvuka, na ile kadi ya manjano uitunze, kwani chanjo moja sasa inakubalika maisha yako yote. Tanzania na Zambia hutahitaji viza ya kutembea. Namanga, tangu 2018, maofisa wa Kenya na Tanzania hukaa chini ya paa moja, kwa hiyo usimwamini anayekuambia kuna dirisha jingine la kulipia nyuma ya jengo. Ulizia mapema kama treni ya abiria inasafiri wiki yako, na kama haisafiri, mabasi ya Dar hadi Lusaka hupita mpaka huohuo wa Tunduma. Panga kufika kila mji mgeni jua likiwa juu. Mimi sikupanga hivyo Kapiri Mposhi, na ni huruma ya watu iliyofidia kosa langu. Usiweke huruma ya watu kwenye bajeti.

Na mama? Usiondoke kwa ugomvi. Nenda Kajiado, kaa naye jikoni, mwandikie kwenye karatasi kila mji utakaolala, tarehe yake na namba ya nyumba ya wageni. Mwekee namba ya ubalozi wetu wa Lusaka. Mkubaliane saa ya simu kila jioni, na mkubaliane pia afanye nini siku simu isipolia. Hofu ya mzazi haiishi kwa kuambiwa “usijali”. Inapungua akipewa kazi ya kufanya.

Neno la mwisho ni lenu nyote, hata msio na pasipoti. Kitengela, ambayo wazee bado wanaikumbuka kama Noonkopir, kituo kidogo cha wafugaji, ilihesabiwa watu zaidi ya 150,000 katika sensa ya 2019. Karibu kila mmoja wetu alishuka hapa siku moja na begi, hajui aulize nani. Kila jioni, mtu kama huyo anashuka steji. Mwonyeshe gari lake. Mtajie nauli halali mbele ya makanga. Kama ni msichana na usiku umeingia, mkalishe kwa mama muuza chapati penye taa na watu, usubiri naye mpaka mwenyeji wake aje. Usimwombe namba ya simu, usimpeleke kwako, na akikataa msaada wako usinune.

Mdogo wangu, Wazambia huyaita maporomoko yale Mosi-oa-Tunya, moshi unaonguruma, na wewe Mswahili utalielewa neno la kwanza bila mkalimani. Nenda ukayaone. Beba pakiti mbili za majani ya chai, maana utakutana na mtu wa kumpa.