Pima Rulo la Waya kwa Mizani Kabla ya Kulipa

Soketi ya jikoni kwangu iliyeyuka wiki ile ile makala ya kupikia yalipopanda bei, na mambo hayo mawili yanahusiana. Makala yakipanda, Kolwezi nzima inahamia kwenye resho. Resho ya wati 2000 kwenye volti 220 inavuta ampea 9 hivi. Ongeza pasi, ongeza birika la umeme, friji nayo inanguruma kwenye mstari huo huo, na umeshapita ampea 20 kabla sombe haijaiva. Nilikuwa nasonga bukari niliposikia harufu ya plastiki inayoungua, ile inayokaba koo.

Fundi aliyeitwa alibadilisha soketi, akachukua pesa yake, akaenda. Mpya nayo ikaungua. Akarudi na nyingine nene zaidi, na hiyo pia haikudumu. Mara alaumu soketi, mara alaumu umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, kwamba unapanda na kushuka, lakini hakuvuta waya hata siku moja akautazama. Jambo hilo linanikera mpaka leo. Soketi ndipo mahali joto linapojionyesha. Ukitaka kujua linakotoka, fuata waya. Siku iliyofuata nikachukua bisibisi mwenyewe.

Nitaieleza kazi kwa hatua. Hatua ya kwanza mnaijua: zima disjonteri kuu, swichi inayokata umeme wa nyumba nzima. Nitaongeza neno moja kwa ajili ya watu wa huku kwetu. Delestaji, yaani mgao wa umeme, si ruhusa ya kushika waya. Umeme uliokatika saa nane mchana unaweza kurudi saa nane na dakika moja, wewe ukiwa umeshika ncha mbili mkononi. Kwa hiyo zima hata kama mtaa mzima uko gizani, bandika utepe juu ya disjonteri ili mtoto asiiwashe, kisha pima. Chombo chako cha kupimia kijaribu kwanza, kabla hujazima, mahali unapojua kuna umeme. Pima pale unapotaka kufanya kazi, halafu kijaribu tena mahali penye umeme, hata kama ni kwa jirani, uwe na hakika hakijafa njiani. Na chochote kilicho kabla ya disjonteri kuu, pamoja na mita, ni cha SNEL. Usikiguse.

Hatua ya pili ni waya, na hapa nitakaa.

Niliuvuta ule wa jikoni. Ganda lake lilikuwa limekauka na kuwa jeusi kwa urefu wa kidole, na kwenye ganda zima kulikuwa na maandishi mazuri ya 2.5, yaani milimita za mraba. Ncha yake ilikuwa na rangi ya shaba kabisa. Nikaipitishia wembe mara moja, na chini ya ile rangi pakatokea weupe wa sufuria. Alumini. Aliyekuwa na nyumba kabla yangu alitandaza nyaya upya ili auze, na alitandaza alumini iliyovishwa koti jembamba la shaba.

Naandika haya nikiwa Kolwezi. Usiku malori yanapita yakiwa na shaba ya kathodi, usafi wa asilimia 99.99, kuelekea mpakani Kasumbalesa. Umeme wenyewe unasafiri karibu kilomita 1700 kutoka bwawa la Inga hadi kituo cha kuubadilisha hapa mjini, njia iliyofunguliwa mwaka 1982, na mabwawa ya Nzilo na Nseke yanauzalisha hapa hapa kwenye mto Lualaba tangu miaka ya 1950. Kisha mita kumi za mwisho, kutoka ukutani hadi kwenye resho ya mama, zinapita kwenye alumini iliyopakwa rangi. Nilikasirika, na sioni sababu ya kuficha.

Ubaya wa waya huo unaeleweka kirahisi. Kwa unene ule ule, upinzani wake ni zaidi ya mara moja na nusu ya shaba, kwa hiyo unapata joto zaidi kwa mzigo ule ule. Halafu alumini inalegea chini ya skrubu. Ikipata moto inatanuka, ikipoa inanywea, inafanya kutu yake nyeupe, na kila siku mguso unazidi kuwa mbovu. Soketi inaungua kwa sababu hiyo. Ungeweka soketi ya dhahabu, ingeungua vilevile.

Baba yangu mdogo, aliyefanya kazi miaka mingi kwenye umeme wa kampuni ya madini ya Gécamines hadi akastaafu, ndiye aliyenipa dawa. Nilimpelekea kipande kile. Hakukitazama hata, alikipima kwa kiganja, akasema, «Hii haina uzito.» Akatoa kwenye boksi lake kipande cha waya wa zamani kilichotolewa kwenye ukuta wa nyumba ya kampuni, ganda limepasuka na kubomoka likiguswa, lakini ndani shaba bado nzima, nzito, inang'aa ukiikwaruza. Akaniuliza: hapa Kolwezi, nani ananunua au kuuza madini bila mizani?

Kweli. Mchimbaji akifika kwenye soko la madini la Musompo na gunia lake, wanalipima kilo, kisha wanachukua ile mashine ya Metorex kusoma asilimia, na ugomvi wa asilimia hizo anaujua kila mtu. Lakini mtu huyo huyo akienda mjini kununua waya, anaamini rangi ya ganda.

Basi hesabu ni hii, na naomba uiandike mahali. Waya mmoja wa shaba ngumu wa 2.5, rulo la mita 100, una shaba ya kilo 2.2 na kidogo. Ukiongeza ganda, rulo zima linafika kilo 3 hivi. Wa 1.5 unakaribia kilo 2. Rulo la 2.5 la alumini iliyovishwa shaba halifiki hata kilo 2. Uzuri wa mizani ni kwamba inakamata wezi watatu kwa mpigo: aliyeweka alumini, aliyepunguza unene akaandika 2.5 juu ya waya mwembamba, na aliyekata mita ishirini katika mia. Wembe unamkamata wa kwanza peke yake. Ukiwa na kipimo cha milimita, waya mgumu wa 2.5 una kipenyo cha milimita 1.78, lakini mizani ipo kila mahali, kile kipimo hakipo.

Nilikwenda kenkayeri moja, duka la vifaa, katikati ya mji, jina naliacha. Kijana akaweka rulo mezani. «Mama, hii njo kwivre ya kweli, hakuna ingine mu Kolwezi yote.» Nikamwambia sawa, tupime. Akacheka, akasema waya hauuzwi kwa kilo. Nikamjibu kwamba silipi kwa kilo, nalipa bei yake, ila nataka kujua. Mlango wa pili wanauza samaki wa barafu, wana mizani ya umeme safi kabisa. Mama wa pale alikubali bila maneno, akafuta sahani kwa kitambaa, nikaweka rulo mahali pa samaki wa tomsoni. Kilo 1.7. Watu wawili waliokuwa kwenye foleni wakasogea kuangalia. Yule kijana alikuwa amenifuata. Alisoma namba ile, akanyamaza, akarudi dukani kwake, na nikasikia ngazi inaburutwa. Akateremsha rulo lingine lenye vumbi kutoka rafu ya juu. Kilo 3.1. Lilikuwa la bei kubwa zaidi, nililipa bila kuomba apunguze, na furaha niliyotoka nayo mlangoni sijaipata kwa kununua kitu kingine.

Kwa hiyo ninalosema juu ya wauzaji ni hili: wengi wanazo aina zote mbili, na wanakupimia kwa macho wewe mnunuzi. Ukitaja mizani, ya juu inateremka. Ukiweza kupata waya wa Zamefa, wa Luanshya ng'ambo ya mpaka, mimi naupendelea. Ni shaba ya ukanda huu huu wetu, na wenzetu wa Zambia wanaitengeneza wenyewe. Kwa disjonteri nanunua Legrand au Schneider, lakini kwenye duka ninaloliamini, maana majina makubwa ndiyo yanayoigwa. Ile ya kuigwa mara nyingi ni nyepesi, na kitufe chake kinacheza kama jino la mtoto.

Mengine haraka. Taa: waya wa 1.5, disjonteri isizidi ampea 16. Soketi: 2.5, isizidi 20. Jiko kubwa la umeme: 6, na 32. Resho ipewe mstari wake peke yake. Disjonteri ikiruka, tafuta sababu. Nimekuta nyumba ambamo fundi aliweka ya ampea 40 juu ya waya wa 2.5 «ili isisumbue», na hapo waya ndio unaoungua kwanza. Bluu ni nyutro, kijani na njano pamoja ni ardhi, na rangi hizo usizitumie kwa kitu kingine hata ukiishiwa. Weka diferansieli, ile inayokata umeme ukivuja, ya miliampea 30, na bonyeza kitufe chake cha majaribio kila mwezi.

Diferansieli inataka ardhi nzuri, na udongo wetu mwekundu wa kiangazi ni mgumu na mkavu, haupitishi umeme vizuri. Nilichimba nyuma ya jiko, mahali maji ya kuogea yanapopita, ili unyevu usikosekane. Kabla sijafika magotini majirani walishakusanyika ukutani. Tangu 2014, mtu wa mtaa wa Kasulo alipochimba shimo la choo akakuta kobalti, hapa mtu hachimbi kwake bila kuulizwa amepata nini. Nikawaonyesha fimbo ya shaba, nikaeleza ni ya umeme. Mmoja akatikisa kichwa: shaba ikionekana hailali. Alikuwa na haki. Niliigongelea fimbo mpaka kichwa chake kikawa chini ya usawa wa ardhi, nikafunga waya wake kwa kibano cha bolti, nikajenga kisanduku kidogo cha matofali juu yake, na kifuniko cha zege kizito ambacho mtu mmoja hakiinui bila nondo. Mwezi wa nane, vumbi linapokuwa jingi, tunakifungua na kumwaga ndoo mbili za maji.