Stesheni Kongwe ya Moshi: Mbinu za Kuilinda

Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Moshi mwaka 1911, takriban kilometa 350 kutoka bandarini. Jengo la stesheni la enzi hiyo ya Wajerumani lingalipo, na matao yake ya chini na paa la vigae. Desemba 2019 treni ya abiria kutoka Dar es Salaam ilirejea Moshi baada ya kusimama kwa zaidi ya miaka 20.

Wengi hudhani jengo la umri huo tayari linalindwa na sheria. Sivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. La baada ya hapo hulindwa pale Waziri anapolitangaza. Kwa hiyo stesheni kama hii inawahitaji watu wa kuisemea, na kazi hiyo ina utaratibu wake.

Anzia kwa stesheni masta. Stesheni ni mali ya Shirika la Reli Tanzania (TRC), na si vizuri kupiga picha maeneo ya reli bila ruhusa. Peleka barua fupi: wewe ni nani, utapiga picha nini na siku gani. Ahidi kumpa nakala, na uitimize ahadi.

Soma vyuma na vigae. Reli nyingi za zamani zina herufi zilizochomoza ubavuni: jina la kiwanda na mwaka. Nenda na mfanyakazi wa stesheni kwenye njia isiyopitwa na treni, futa vumbi kwa kitambaa, kisha sugua chaki juu ya herufi. Piga picha asubuhi au jioni, jua likiwa limelala, herufi zitaonekana vizuri zaidi. Kigae kilichoanguka kigeuze. Mara nyingi mhuri wa kiwanda uko upande wa chini. Vifupisho kwenye mabenchi, taa na masanduku navyo vinataja enzi: TR ni Reli ya Tanganyika kabla ya 1948, EAR&H (Reli na Bandari za Afrika Mashariki) ni 1948 hadi 1969, EAR inafikia 1977, na TRC ni kuanzia hapo.

Tafuta picha za zamani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt imeweka mtandaoni hazina kubwa ya picha za makoloni ya Ujerumani. Andika "Moschi", kama Wajerumani walivyoliandika jina la mji. Picha ya zamani itakuonyesha dirisha lipi limezibwa na ukuta upi umeongezwa.

Waulize wazee mambo mahususi. Panda miteremko ya Kilimanjaro, Kibosho, Marangu au Machame, utakuta watu ambao kahawa ya vihamba (mashamba ya ukoo) vyao ilishushwa kwa treni hadi Tanga. Ukishawaamkia, usiombe "historia ya reli". Swali pana huzaa jibu la jumla. Uliza: Gunia lilipimwa wapi? Nani alilipokea? Treni ilifika saa ngapi, na daraja la tatu lilikaa wapi? Waliokuwa magadi wa treni, madereva na wafanyakazi wa gangi uwaulize wakiwa pale stesheni, wakuonyeshe kwa kidole. Rekodi kwa simu, na uombe idhini kabla ya kumpa mtu mwingine sauti zao.

Zuia saruji kwenye kuta za chokaa. Hapa ndipo majengo mengi ya kale huharibiwa kwa nia njema. Kwaruza kiungo cha mawe kwa ncha ya kisu: kikiwa cheupe na kikimomonyoka kwa urahisi, huenda ni chokaa. Ukuta wa namna hiyo hupumua. Ukiupiga plasta ya saruji, unyevu hukwama ndani, rangi huvimba, na jiwe lenyewe huanza kubanduka. Gonga plasta kwa kifundo cha kidole. Panapolia kama kitu kitupu, imeachana na ukuta. Fundi atoe sehemu hiyo tu, achanganye chokaa iliyolowekwa vizuri, kipimo kimoja kwa mchanga vitatu, apige tabaka jembamba na kulifunika kwa magunia yenye maji kwa siku kadhaa. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar wanaijua kazi hii. Inafaa kuwaalika wawafundishe vijana wa Moshi.

Andika ombi. Kusanya faili moja: picha zenye tarehe, ramani ya jengo, maelezo ya wazee na orodha ya uharibifu. Lipitishe kwa TRC kama mwenye mali na Manispaa ya Moshi, kisha Idara ya Mambo ya Kale. Pendekeza pia matumizi: chumba kimoja cha maonyesho ya reli na kahawa, huku abiria wakiendelea kukata tiketi palepale. Jengo lenye watu kila siku hupata wa kuona bomba linalovuja mapema.

Kama huna fedha, anza na picha. Hazigharimu kitu, na bila hizo fundi wa kesho hatajua tao lililoanguka lilikuwaje.